Dini ya Pointi, na Neno la Kumwambia Aliyeshindwa

Mwinjilisti akipanda jukwaani kwenye mkutano wa hadhara Ikwiriri au Kibiti, haichukui muda kabla hajafika kwenye ile kauli inayojulikana: dini nyingine zote humwambia mtu fanya ndipo upokewe, ilhali Injili humwambia umepokewa, sasa fanya. Wakristo ni wachache katika bonde la Rufiji na delta yake, na pengine ndiyo maana kauli hiyo hutamkwa kwa sauti kubwa. Waislamu waliokaa barazani huisikia kama kejeli, wazee wa kanisa huiogopa kama ruhusa ya kutotoa michango, na vijana hawaisikii kabisa kwa sababu wako kwenye kibanda cha gemu wakisubiri zamu. Mjadala wa neema na matendo huishia hapo, kila upande ukijiona umeshinda. Makala haya yanauanza upya. Zitasikika sauti nne: mzee wa kanisa, kijana wa gemu, mwinjilisti na shehe, baadaye ataingia wa tano, aliyefiwa. Hawa si watu fulani. Ni misimamo inayopatikana katika miji na vijiji vyetu, kuanzia Ngorongo hadi Nyamisati. Ushahidi watakaobishania ni wa aina mbili: gemu, ambamo wema huhesabiwa kwa tarakimu, na Vita vya Maji Maji, vilivyochipuka katika ardhi hii hii. Ninachotetea ni kwamba tofauti ya neema na matendo haionekani kwa mshindi, maana kila dini ina neno la kumwambia mshindi. Inaonekana kwa aliyeshindwa.

Mzee wa kanisa anafungua

Tumsikilize kwanza mzee wa kanisa, kwa kuwa hoja yake ina nguvu kuliko wahubiri wengi wanavyokubali. Anasema: "Mwinjilisti, mwanangu, wewe unahubiri neema, lakini bati la kanisa halikuletwa na neema. Lililetwa na watu walioweka ahadi wakaitimiza." Anaendelea kwamba Maandiko yenyewe yanamuunga mkono. Yakobo alishaandika kuwa imani bila matendo imekufa. Katika Mathayo sura ya 25, Mfalme akiketi kuhukumu haulizi mtu alikiri mafundisho gani. Anauliza nani alimlisha mwenye njaa, nani alimtembelea mfungwa. Na katika maisha ya kila siku, jamii isiyodai kitu kwa mtu wake haina njia ya kumjenga. Ndiyo maana katika sharika nyingi za Kilutheri msharika hupewa bahasha zenye namba na ahadi yake ya mwaka huandikwa. Ndiyo maana katika parokia nyingi za Kikatoliki aliyeikimbia jumuiya ndogondogo anajua kwamba siku ya msiba familia yake itaulizwa maswali. Mzee hafichi kwamba huku ni kuhesabu. Anauliza tu: bila kuhesabu, mvivu na mwenye bidii watatofautianaje?

Swali hilo halistahili kupuuzwa, na wa kwanza kulijibu si mwinjilisti. Ni kijana wa gemu, kwa kuwa yeye ameishi katika ulimwengu ambamo jambo hilo limefanyiwa majaribio. Kwenye vibanda vingi vya miji midogo ya Tanzania kinachotawala ni gemu la mpira, na hapo pointi ni pointi, hazidai kuwa kitu kingine. Lakini yapo magemu ya hadithi ambayo watengenezaji wake walitaka kuhesabu wema wenyewe. Mwaka 1985 Mmarekani Richard Garriott alitoa Ultima IV. Alikuwa ameona jinsi wachezaji wa magemu yake ya awali walivyokuwa wakiiba madukani na kuua wanavijiji ili mradi washinde. Safari hii hakuweka adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Aliweka fadhila nane, zikiwemo ukweli, huruma, haki na unyenyekevu, na mchezaji alitakiwa kuzikamilisha zote. Kila fadhila ilihesabiwa kimyakimya ndani ya mashine. Kuna mwuzaji kipofu wa viungo vya uganga, na mchezaji ndiye anayejihesabia sarafu za kulipa. Akimpunja, kipofu hajui, lakini hesabu ya ukweli inashuka. Kuna ombaomba, na anayewapa huruma yake inapanda. Kuna mtabiri anayemwambia mchezaji amefika wapi katika kila fadhila. Lilikuwa jaribio zuri na la nia njema.

Kijana anaonyesha kilichotokea

Kilichotokea kinajulikana kwa kila aliyewahi kushika gemu la namna hiyo. Mchezaji akishagundua kwamba ombaomba anapandisha kipimo, macho yake yanahama kwa ombaomba na kubaki kwenye kipimo. Anarudi kwa ombaomba yuleyule mara kwa mara, anampa kidogo, anaondoka, anarudi tena, mpaka hesabu ijae. Katika Fable, gemu la mwaka 2004, jambo hilo lilijengewa kabisa hekalu. Mchezaji aliyechinja kijiji kizima anaweza kwenda kwenye hekalu la Avo, akatoa dhahabu za kutosha, na kipimo chake kikarudi upande wa wema. Historia ya kanisa inalijua hekalu hilo. Mwaka 1517, mtawa Johann Tetzel alipokuwa akiuza vyeti vya rehema katika Ujerumani, Martin Luther aliandika hoja zake 95, na mgawanyiko uliofuata haujaziba mpaka leo. Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika Red Dead Redemption 2, gemu la mwaka 2018, ambamo jambazi Arthur Morgan ana kipimo cha heshima. Kipimo hicho hupanda hata kwa kumsalimia mpita njia au kumrudisha mtoni samaki uliyemvua. Basi mchezaji aliyeua watu asubuhi husimama barabarani mjini akisalimia kila anayepita, mmoja baada ya mwingine, mpaka alama irudi mahali pake. Salamu ile haimhusu anayesalimiwa. Waswahili walisema tenda wema nenda zako. Huyu hawezi kwenda zake, kwa kuwa bado anangoja mshale upande.

Mzee wa kanisa anapinga hapa, na anapinga kwa haki: "Kijana, gemu ni gemu. Mashine haina njia nyingine." Ni kweli, na huo ndio uzito wa ushahidi wenyewe. Mashine inahesabu matendo kwa sababu haiuoni moyo. Haiwezi kujua kama sarafu ilitolewa kwa huruma au kwa hesabu, kwa hiyo inajumlisha sarafu. Garriott hakuwa na kosa. Alifikia mwisho wa uwezo wa chombo chake. Lakini dini inayomfanya Mungu kuwa mtunza pointi inamshusha Mungu mpaka kwenye upungufu wa mashine. Anayeona moyo ana haja gani ya kuhesabu salamu? Tena upungufu huo unamrudia mwabuduji. Akishajua kwamba anahesabiwa, anaanza kujihesabia mwenyewe, kisha anawahesabia jirani zake, na wale waliohitaji mkono wake wanageuka kuwa njia ya kupitia. Kumbe kipimo kilichowekwa ili kuhimiza huruma ndicho kinachoiua. Mwinjilisti anaweza kuongeza kwamba hicho ndicho kilichomkasirisha kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu: alikuwa na daftari safi la miaka mingi, na hakuwa na furaha yoyote ndugu yake aliporudi hai.

Ushahidi wa Ngarambe

Mpaka hapa tumeona dini ya pointi inavyomtendea anayeshinda. Ubaya wake mkubwa uko upande wa pili, na kuuona hatuhitaji kutoka Rufiji. Mwaka 1904 huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alisimuliwa kuwa amechukuliwa na pepo Hongo, akazama katika kidimbwi cha mto na kutoka mavazi yakiwa makavu. Watu walimiminika kwake kutoka kila upande. Aliwapa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama, na akawaambia kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, kabla vita havijafika mbali. Vilisambaa bila yeye mpaka Mahenge, Kilombero na Ungoni, vikadumu hadi 1907. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000, mwanahistoria G.C.K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto.

Maji yale yalikuja na miiko. Mpiganaji alitakiwa asimkaribie mwanamke kabla ya kwenda vitani, na asipore mali. Kwa kiongozi wa jeshi hizo ni kanuni za busara. Zinaleta nidhamu na zinazuia vita visigeuke unyang'anyi. Lakini angalia kazi nyingine iliyofanywa na miiko hiyo baada ya bunduki za rashasha kufyatuliwa Mahenge mwishoni mwa Agosti 1905. Watu walianguka. Maji hayakugeuza risasi. Ilibidi yapatikane maelezo, na maelezo yalikuwa tayari: aliyeanguka alivunja mwiko. Asiyekuwepo na lake halipo, na marehemu hakuweza kujitetea kwamba hakumgusa mke wake wala kuchukua kuku wa mtu. Alikuwa amekwisha kupoteza uhai. Sasa akapoteza na jina. Ahadi yenye masharti haiwezi kamwe kukutwa na kosa, kwa sababu kila inaposhindwa, mwenye kosa ni yule ambaye ilishindwa kumlinda.

Kuna anayeweza kusema kwamba ninaionea kumbukumbu ya mashujaa. Maji Maji, atasema, haikuwa dini ya wokovu wa roho bali siasa ya ukombozi, na maji yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao hawakuwahi kusimama pamoja. Nakubali yote mawili. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, alilitazama jambo hilo kwa makini kuliko wahubiri wengi: shujaa wake anateswa na mashaka juu ya maji, lakini mwishoni anakataa kuyakana, kwa sababu akiyakana wakoloni watawaambia watoto kwamba kupigana kulikuwa kosa. Haki ya kupigana ilikuwepo, ikiwa na maji au bila maji. Ninachokitaja hapa ni kimoja tu, namna ahadi ile ilivyomtendea aliyeanguka. Na umbo hilo halikuzikwa Mohoro. Leo yapo maji ya upako na mafuta ya upako katika miji yetu, na muumini huambiwa apande mbegu ya fedha ili apone au apate kazi. Asipopona, huulizwa imani yake ilikuwa wapi, au mbegu ilikuwa ndogo kiasi gani. Jina la Yesu limetajwa mwanzo hadi mwisho, na maelezo ya kushindwa ni yaleyale ya Mahenge.

Shehe anaingilia kati

Mwinjilisti akifikia hapa hutabasamu, akidhani kwamba shehe naye amekwisha kujibiwa. Shehe anaomba nafasi. "Mwinjilisti," anasema, "mnatuzulia. Mnasema sisi tunainunua Pepo kwa sala na saumu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishawaambia masahaba kwamba hakuna atakayeingia Peponi kwa amali yake. Walipomuuliza, hata wewe? akajibu kwamba hata yeye, isipokuwa Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema yake. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na iko kwa Muslim." Hoja hiyo haina jibu la mkato, na mwinjilisti mwaminifu hana budi kuipokea. Ni kweli kwamba Mwislamu hufundishwa juu ya mizani, na kwamba sala ya jamaa huizidi ya peke yake kwa daraja 27. Ni kweli pia kwamba wapo wanaozigeuza daraja hizo kuwa biashara. Lakini mafundisho yenyewe yanaweka rehema juu ya mizani, na kila sura ya Kurani isipokuwa moja hufunguliwa kwa kulitaja jina la Mwingi wa Rehema. Mhubiri anayeugawa mji kwa kuweka neema upande wa kanisa na matendo upande wa msikiti hajausikiliza msikiti, wala hajalikagua kanisa lake lenye bahasha za namba.

Tofauti ya kweli baina yao ipo, na ni heshima kuitaja badala ya kuifunika. Mkristo anasema deni halikufutwa tu; lililipwa, na aliyelilipa ni Mungu mwenyewe msalabani. Shehe anajibu kwamba Mungu mwenye rehema hahitaji kulipwa ndipo asamehe, wala hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Hapo wanaachana, na makala moja haitawapatanisha. Lakini katika swali la pointi wanajikuta upande mmoja, wakimkabili mtu yuleyule: mfanyabiashara wa dini, awe amevaa kanzu au suti, anayemwambia mgonjwa kwamba hesabu yake haijatosha. Mstari unaotenganisha neema na matendo haupiti barabarani kati ya msikiti na kanisa. Unapita ndani ya kila nyumba ya ibada, na mara nyingi ndani ya muumini mmoja.

Je, neema haileti uzembe?

Mzee wa kanisa hajaridhika. Anataka kujua nini kitamfanya mtu atende mema ikiwa amekwisha kusamehewa. Kijana wa gemu, bila kujua, ana picha inayomsaidia mzee. Katika Grand Theft Auto: San Andreas, gemu la mwaka 2004 ambalo vijana wengi wa kwetu wanalifahamu, mchezaji akifanya uhalifu hupewa nyota, na polisi humfukuza kadiri nyota zinavyoongezeka. Akiliingiza gari katika gereji maalumu, linapakwa rangi mpya na polisi wanamwacha. Maiti bado ziko barabarani. Aliyezisababisha anaondoka polepole akiwa na gari jipya machoni pa sheria. Wapo wanaohubiri neema ya gereji hiyo, na mwaka 1937 mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer aliipa jina linalostahili, neema ya bei rahisi. Mzee ana haki ya kuichukia. Anachokosea ni kudhani kwamba hiyo ndiyo neema inayotetewa, au kwamba dawa yake ni kurudi kwenye nyota na vipimo.

Historia ya kwetu ina ushahidi wa kumjibu. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala, na katika miaka ya 1930 uamsho wa Walokole uliwaka kutoka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kufika Bukoba. Wimbo wao ulikuwa wa msamaha usiolipiwa. Kilichowashangaza majirani na hata maofisa wa serikali ya kikoloni ni kwamba watu hao waliojiita wamesamehewa bure walianza kurudisha vitu: fedha walizoiba kazini, ng'ombe waliomdhulumu jirani, zana za mwajiri. Hawakurudisha ili wasamehewe. Walirudisha kwa kuwa hawakuwa na haja tena ya kuficha. Zakayo alifanya hivyohivyo baada ya Yesu kuingia nyumbani kwake, si kabla. Paulo mwenyewe, akiwaandikia Waefeso kwamba wameokolewa kwa neema wala si kwa matendo, anaongeza papo hapo kwamba wameumbwa ili watende mema. Ni suala la kipi kinatangulia. Mkulima wa Rufiji hahitaji kufundishwa hilo, kwa kuwa analijua katika kilimo cha mlau: hakuna mtu aliyewahi kuyaleta mafuriko kwa bidii yake, lakini maji yakishatelemka na kuacha udongo umelowa, asiyepanda hatavuna. Mfano huu una mwisho wake. Mafuriko ya mwaka 2024 yalizamisha mashamba badala ya kuyalowesha. Hata hivyo hakuna mkulima wa mlau anayesema alilima ili mto umpende.

Hadithi ya Arthur Morgan nayo inaonyesha utangulizi huo, kisha inajikanyaga. Arthur anapata kifua kikuu baada ya kumpiga mdaiwa mgonjwa, Thomas Downes, akidai fedha za mkopeshaji wa genge lake. Anapojua kwamba anakufa, hana muda wa kusawazisha chochote. Anamkiria mtawa mmoja kwenye kituo cha treni kwamba anaogopa. Ni baada ya hapo, akiwa hana tena la kupata, anapomfukuza mkopeshaji kambini, anaposamehe wadaiwa na kumsaidia mjane wa Downes, ambaye hana sababu yoyote ya kumpenda. Kisa chenyewe kinasimulia neema. Lakini pembeni kipimo cha heshima kinaendelea kuhesabu, na mwishoni ndicho kinachoamua: kipimo kikiwa juu, Arthur anakufa kwa utulivu akilitazama jua likichomoza, kikiwa chini, adui yake anammaliza. Waandishi walisimulia jambo moja na mashine ikatoa hukumu kwa jambo lingine. Makanisa mengi yanaishi hivyohivyo: mimbarani neema, ofisini kipimo.

Aliyefiwa anauliza

Sasa anaingia aliyefiwa, na sauti yake inazinyamazisha nyingine. Aprili 13, 2017, polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa Kibiti. Kabla na baada ya hapo, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na viongozi wa chama tawala waliuawa mmoja mmoja usiku kwa mikono ya waliokuja kuitwa watu wasiojulikana. Zipo pia familia zinazosema kwamba ndugu zao walichukuliwa wakati wa msako na hawakurudi. Mjane au mama kutoka upande wowote kati ya pande hizo anaweza kumuuliza mwinjilisti: "Baba, huyo aliyeua akitubu kesho, umesema ni bure. Na mimi je? Bure hiyo imelipwa na nani?" Hakuna pingamizi lililo zito kuliko hili, na anayelijibu haraka hajalielewa. Hata gemu linalojali amani linajua kwamba mambo hayafutiki. Katika Undertale, gemu la mwaka 2015 ambamo mchezaji anaweza kumaliza safari bila kuua hata mmoja, aliyechagua kuua wote kisha akaanza upya ili awe mwema atakuta gemu linakumbuka, na mwisho mwema wenyewe una doa.

Jibu la neema lina mipaka, na lazima ianze kutajwa. Kwanza, neema ya Mungu kwa muuaji haiondoi mahakama. Polisi, mwendesha mashtaka na hakimu wana kazi yao, na toba ya kweli haiwakimbii. Pili, hakuna wa tatu anayeweza kuutoa msamaha wa mfiwa kwa niaba yake. Mhubiri anayemshinikiza mjane asamehe ili apate baraka amemgeuza mjane kuwa mchezaji wa pointi. Tatu, msamaha wa namna hii hauwi bure kwa anayeutoa. Askofu mkuu wa Uganda, Janani Luwum, aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Festo Kivengere, askofu mwenzake na mtoto wa uamsho uleule wa Walokole, alikimbilia uhamishoni, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakuwa akisema Amin hana hatia. Kitabu hicho kinaeleza uovu wa utawala ule. Alikuwa akikataa kuiacha chuki imtawale. Hilo haliwezi kudaiwa kwa mtu. Linaweza tu kupokewa na yeye kwanza, kama alivyoamini Kivengere kwamba amelipokea. Na kwa mjane ambaye bado hawezi, dini ya pointi haina la kumwambia ila kwamba amepungukiwa. Neema inaweza kukaa naye bila kumdai chochote.

Hapo ndipo gemu moja la mwisho linapoingia. Mwaka 2016 wazazi Wakristo wa Marekani, Ryan na Amy Green, walitoa That Dragon, Cancer, hadithi ya mtoto wao Joel aliyekufa kwa saratani mwaka 2014. Katika sehemu moja mtoto analia usiku hospitalini. Mchezaji aliyezoea kwamba kila tatizo lina kitufe chake anajaribu kumbeba, anajaribu kumnywesha, anajaribu tena, na kilio kinaendelea. Hakuna pointi, hakuna mwiko aliouvunja, hakuna mbegu aliyoshindwa kupanda. Wazazi waliomba kwa imani, na mtoto wao akafa. Wangetumia maelezo ya Mahenge, wangemlaumu mmoja wao. Hawakufanya hivyo. Wametengeneza gemu ambalo haliwezi kushindwa kwa ustadi, ili anayelicheza ajue maana ya kubaki na mtu wakati hakuna kinachosaidia.

Inakofikia hoja

Mzee wa kanisa alitaka kujua mvivu na mwenye bidii watatofautianaje bila hesabu. Watatofautiana kwa matunda, kama wanavyotofautiana sasa, na kanisa linaweza kuendelea kupanga bajeti, kuomba ahadi na kutunza vitabu vya fedha kwa uaminifu. Hakuna bati litakalong'olewa. Kinachotakiwa ni vitabu hivyo visitumike kuamua nani ni mtoto wa nyumbani. Mwinjilisti naye aache kupima neema kwa makosa ya msikiti, aipime ndani ya kanisa lake, mahali ambapo haiwezi kuigizwa. Mahali hapo ni msiba wa mtu aliyekufa akiwa na deni la ahadi, hakuonekana jumuiyani, na pengine alikutwa na mauti akiwa mlevi. Anayezikwa hawezi tena kuchangia, kutubu hadharani wala kuhudhuria. Amefika alikofika mpiganaji wa Mahenge, ambako hakuna tendo analoweza kuongeza. Kanisa linaloanza kwa kufungua daftari limekwisha kusema linaamini nini, hata mahubiri ya siku hiyo yakiwa mazuri namna gani. Linalokwenda kumzika kwanza, likamtaja kwa jina lake mbele ya watoto wake na kunyamaza kuhusu bahasha, limehubiri neema kwa lugha ambayo shehe, kijana wa gemu na mjane wote wanaielewa.